Anyesi na Ng'ombe Wake wa Vyunguni

"Huyu si wangu!"

"Si wako vipi, shoga? Chungu si chako hicho?"

"Chungu ni changu. Aliyemo ndiye si wangu."

"Haya, mtazame basi. Jani jeupe, mishipa ya kijani. Wako alikuwaje, mweusi?"

"Mwamvua, mimi nimechunga ng'ombe kabla sijang'oka meno ya utotoni. Usinirudishie ndama wa watu ukaniambia ni wangu ila amekonda."

"Ndama! Jamani njooni msikie, jani limekuwa ndama!"

Walikuwa wameshakuja zamani. Mtaa ule wa nyuma ya stesheni ya Dodoma haukuhitaji kuitwa mara mbili. Wanawake walikuwa wameacha mboga motoni, na fundi cherehani mmoja alisimama na suruali ya mtu begani, sindano ikining'inia. Katikati yao alikuwa Anyesi binti Matonya, mke wa Yotham, mwanamke mfupi mwenye sauti ya watu watatu, amebeba chungu chenye majani matatu kiunoni kama mtoto mchanga. Mlangoni alisimama Mwamvua, shoga yake wa miaka mitatu, mikono kiunoni na jasho usoni. Jasho hilo Anyesi aliliona, na ndilo lililomwongezea hasira. Mtu mwenye haki hatoki jasho saa mbili za asubuhi.

"Huyu ni Chokaa," Anyesi akasema. "Wangu ni Mawingu. Yuko wapi Mawingu?"

Basi Anyesi akatangaza mbele ya mtaa mzima kwamba wanakwenda kwa Akida, sasa hivi, na chungu kinakwenda nao.

Najua unavyofikiri. Mwanamke mzima, Mkristo aliyebatizwa, anapeleka jani kwa Akida! Basi nikueleze alivyofika hapo, na sitakuchelewesha.

Sotoka, ule ugonjwa wa kuua ng'ombe, ilipopita Ugogo, Anyesi alikuwa binti wa miaka minane hivi. Siku ya kwanza zizi la baba yake huko Msalato lilikuwa na ng'ombe arobaini na mmoja. Siku ya kumi na mbili lilikuwa na inzi. Mzee Matonya hakupata tena ng'ombe wa kutosha kujaza hata kona ya zizi lile, lakini bintiye aliwabakiza wote kichwani: nani ana baka begani, nani ana madoa kama unga uliomwagika, nani ana sikio lililochanwa na mwiba. Wengine walihesabu kondoo ili wapate usingizi. Yeye alihesabu wafu.

Akaolewa na Yotham, Yotham akaenda kubeba mataruma reli ilipofika Dodoma, na mke akamfuata mjini. Huko Anyesi akapata kazi ya kuchota maji nyumbani kwa Mjerumani mkuu wa stesheni. Mke wa mzungu huyo watu walimwita Bibi Stesheni. Alikuwa mwembamba, mwenye kofia kubwa, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: majani. Hakupenda maua, alipenda majani. Kwenye baraza yake palikuwa na vyungu ishirini na vinne, na ndani yake mimea ya majani mapana yenye umbo kama la magimbi ya pwani, ila yana rangi utadhani mtu kayapaka usiku kwa brashi. Mengine mekundu katikati, mengine meupe yenye mishipa ya kijani, mengine yamenyunyiziwa waridi. Huko kwao, Bibi Stesheni alieleza, watu hulichukua jani hili wakalipandisha na jani lile, wakazaliwa watoto wasiofanana na baba wala mama, halafu watoto nao wakapandishwa tena.

Anyesi alielewa palepale. Hivyo ndivyo mtu anavyoazima fahali wa jirani mwenye rangi nzuri. Alichoshangaa ni mzungu kuhangaika hivyo kwa kitu kisichotoa maziwa.

Basi kila chungu kilikuwa na kibao kidogo cha mti, na juu yake limeandikwa jina refu kama treni ya mizigo. Mvua za kwanza zilipoisha, mchwa wa Dodoma wakaja. Mchwa wale hawakugusa majani hata kidogo. Walikula vibao vyote ishirini na vinne, wakaacha unga mwekundu. Bibi Stesheni alikaa chini kwenye ngazi na daftari lake la majina, akalia kama amefiwa, maana majina yako daftarini na wenye majina wako vyunguni na hakuna wa kuwakutanisha.

Anyesi akatua ndoo.

"Bibi, usilie. Mimi nawajua wote."

"Wewe? Wewe najua namna gani?"

"Kwa masikio."

Akaligeuza jani, akamwonyesha ncha mbili za nyuma zinazoning'inia pale kikonyo kinapoingilia. Huyu masikio yake yameachana. Yule yameshikana hadi nusu. Huyu kikonyo chake kina mistari myeusi kama kimechorwa kwa mkaa, yule ni kijani kitupu. Ukiangalia uso peke yake utadanganyika, Bibi, maana majani machanga yote huficha rangi zao kama wachumba. Tazama mgongoni. Tazama shingo. Na pale kitovuni, shingo inapokutana na jani, hapo hakuna anayejua kusema uongo.

Mekundu yalikuwa ya aina tatu, na hayo hata Bibi Stesheni mwenyewe alikuwa akiyachanganya vibao vikiwepo. Anyesi hakuyachanganya hata siku moja. Lenye mishipa myekundu na matone meupe lilikuwa Pilipili. Lenye mishipa myekundu na matone ya waridi, na ukingo wa kijani uliokolea, lilikuwa Mwizi. Lile ambalo wekundu wa katikati unavuja tu kuelekea pembeni bila mpaka, kama bandeji mbaya, lilikuwa Kidonda. Majina hayo hayakuwa ya kubuni. Yalikuwa ya ng'ombe wa baba yake, kila mmoja na rangi yake, na baraza ile ya mzungu ikawa zizi la Mzee Matonya limefufuka, linanyweshwa maji asubuhi na jioni. Anyesi alikuwa akimwaga maji huku akiwasema: "Sogea, Pilipili, mwachie mwenzio." Rehani, mume wa Mwamvua, aliyekuwa akifagia baraza ileile, aliwaambia watu kwa muda mrefu kwamba mwanamke wa Kigogo ameshikwa na pepo.

Mara moja tu alikosea, na kosa lenyewe nani mwingine angelifanya? Mvua za pili mimea ilipochipua, majani yakiwa machanga na hayajatoa rangi, Anyesi akaona bora awatie alama mapema, kama ndama wanavyotiwa. Akachukua kisu kidogo, akaenda chungu hadi chungu, akawakata masikio. Mmoja pengo la kulia, mwingine pengo la kushoto, mwingine mapengo mawili. Kazi safi, hata damu haikutoka. Asubuhi Bibi Stesheni akapiga ukelele uliosimamisha wapagazi kwenye jukwaa la stesheni. Viwavi! Viwavi wamekula majani yake yote! Kwa siku sita Rehani na Anyesi walikuwa wakichemsha tumbaku na kunyunyiza maji yake, huku mzungu akizunguka na kioo chake cha kukuzia akimtafuta kiwavi anayekula masikio tu, tena kwa mpango. Siku ya saba macho yanawauma wote kwa tumbaku, Anyesi akaona aibu imetosha.

"Bibi, kiwavi ni mimi."

Nasikia mzungu yule alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Kuanzia hapo kazi ya ndoo ikapewa mtu mwingine, na Anyesi akawa wa majani peke yake.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mwisho wa mvua mmoja Bibi Stesheni na mumewe wakaitwa kwao Ulaya, akaja mkuu mwingine asiye na mke, ambaye majani kwake yalikuwa sawa na ukuta. Kabla ya kupanda treni, Bibi alimwambia Anyesi achague chungu kimoja, kiwe chake kabisa. Hakufikiri. Alimbeba Mawingu. Mawingu ng'ombe ndiye aliyempa maziwa utotoni, mweupe mwenye mistari ya kijivu, na ndiye aliyekufa wa mwisho. Mawingu jani alikuwa mweupe mwenye mishipa ya kijani, mistari ya mkaa shingoni, na pale kitovuni alama moja ya waridi ndogo kama chawa. Pale pale barazani alikuwepo pacha wake, Chokaa: mweupe vilevile, mishipa vilevile, ila shingo kijani kitupu, kitovu hakina kitu, na masikio yameshikana. Watu kumi wakisimama mbele ya wawili hao, kumi wangesema ni mmoja.

Kazi ya Yotham nayo ikaisha, wakarudi Msalato kulima. Sasa Mawingu aende wapi? Kiangazi mimea hii hulala. Majani hunyauka yote, linabaki gimbi dogo chini ya udongo, halitaki maji, linataka kivuli na amani. Msalato amani haikuwepo. Mbuzi wa kule wanakula hata kamba iliyowafunga. Basi Anyesi akafanya kama watu wake wanavyofanya tangu zamani: ng'ombe wako mmoja humpeleka kwa rafiki wa mbali akutunzie, balaa likija zizini lisiwakute wote. Na rafiki huyo naye ana sheria yake. Ng'ombe akifa mikononi mwake, hafichi. Anakuja kwa mwenye mali na ngozi na mguu mmoja wa nyama, anasema amekufa, na hapo hakuna deni. Akija mikono mitupu, ndipo huitwa mwizi.

Anyesi alimpa Mwamvua chungu, akamwambia, "Amelala, usimwamshe. Mvua ikinyesha ataamka mwenyewe." Kuhusu ngozi na mguu hakusema kitu. Nani anamfundisha mtu mzima mambo hayo? Akasahau kwamba Mwamvua alizaliwa mjini, jamaa zake ni watu wa misafara na maduka, na ng'ombe alimjua kwa bei ya kilo.

Ndiyo hivyo Januari ile alivyokuja kumchukua Mawingu akamkuta Chokaa.

Akida Bushiri alikuwa mtu mnene mwenye kanzu safi, na siku hiyo hakuwa na kesi nyingine, kwa hiyo aliipokea hii kama mtu aliyeletewa halua. Watu walijaa barazani kwake mpaka askari wake akalazimika kusimama juu ya kinu ili aonekane kuwa ni askari.

"Mnagombania nini?"

"Jani, Bwana Akida," akasema Anyesi.

"La dawa?"

"Siyo la dawa."

"La kula?"

Mwamvua akakohoa.

"La kutazama, Bwana Akida."

Akida akalitazama. Akalitazama tena. "Nimeshalitazama. Jani ni jani, mama. Ulitoa jeupe, umerudishiwa jeupe. Unataka nini tena?"

"Bwana Akida ana kanzu ngapi?"

"Nne."

"Zote nyeupe?"

"Zote nyeupe, alhamdulillahi."

"Basi mkeo akikuvika ya jirani, utakwenda nayo msikitini?"

Baraza lilivunjika kwa kicheko. Fundi cherehani, ambaye bado alikuwa na suruali ya mtu begani, akasema kwa sauti kwamba kanzu za Akida anazijua yeye, na za jirani hazingemtosha. Akida naye akacheka, kisha akaona bora asicheke sana.

"Unadai unawatambua?"

"Nawatambua."

"Wote?"

"Hata ukinifumba jicho moja."

Akida akafikiri, na nikiri alifikiri vizuri. Akamtuma Rehani stesheni kwa kuwa ndiye mfagiaji wa baraza ile, akamwombe mzungu ruhusa, alete majani kutoka vyungu saba, kila chungu majani mawili. Majani ya chungu cha kwanza yafungwe uzi wenye fundo moja, ya pili mafundo mawili, hadi saba. Akida ataficha mafundo kiganjani, ataonyesha jani tu, yamechanganywa. Anyesi ataje jina. Majani mawili yenye mafundo sawa yakipata jina moja, mwanamke anajua anachosema. Akikosea hata moja, aende zake Msalato akalime.

Rehani alirudi na sinia. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini watu walidhani ni kwa sababu ya kukimbia.

"La kwanza."

"Kidonda. Huyu aliwahi kukaa ndani ya kisima siku nzima, akatolewa na watu wanane."

"La pili."

"Jivu. Mpole, ila alikuwa anakula nguo."

"La tatu."

"Mwizi. Huyu usimgeuzie mgongo ukiwa na mtama."

Mzee mmoja mfugaji, Gideoni wa Msalato, aliyekuja mjini kuuza kondoo, akaruka kutoka nyuma. "Mwizi? Mwizi wa Matonya? Yule mwekundu mwenye madoa? Ndiye aliyevunja ua wa mjomba wangu!"

"Ndiye," akasema Anyesi. "Na mjomba wako alimpiga kwa mwichi."

"Ukavunjika mwichi!" Gideoni akajipiga mapajani kwa furaha. "Wallahi nimemwona tena Mwizi!" Mzee wa Kigogo, Mkristo, anaapa kwa wallahi. Siku hiyo kila mtu alikuwa amechanganyikiwa.

Likaja Pilipili, likaja Shanga, likaja Chokaa, likaja Kidonda tena. Kila jina likija na kisa chake watu walipiga vigelegele, na Wagogo waliokuwa sokoni wakaacha biashara wakaja kusikiliza ng'ombe waliokufa zaidi ya miaka ishirini wakiitwa mmoja mmoja kama wanarudi kutoka malishoni. Mtu akaanza kuweka dau la mayai. Likaja la tisa, la kumi. Pilipili na Mwizi wakafuatana, na Akida kwa makusudi akamkazia macho, na Anyesi akasema matone meupe ni Pilipili, matone ya waridi ni Mwizi, na usinipotezee muda, Bwana Akida. Kumi na nne. Akida akafungua kiganja, akapanga majani chini mafundo kwa mafundo. Yote yamepatana. Chokaa alikuwa na mafundo matano mara zote mbili.

Kelele zilizopigwa zilimtisha punda wa mtu akakimbia na mzigo.

Akida akainua mkono. Alikuwa ameshaona mahali kesi inapokwenda, na alipapenda.

"Sasa la kumi na tano." Akachuma jani kutoka chungu cha Anyesi kwa mkono wake mwenyewe. "Ukisema hili ni Mawingu, mali yako imerudi, kesi hamna. Ukisema ni Chokaa, basi ni jamaa wa mafundo matano. Maana yake limetoka barazani kwa Bwana Stesheni bila ruhusa." Akageuka polepole. "Na anayefagia baraza ile tunamjua. Askari, viboko hamsa wa ishirini bado unajua kuvihesabu?"

Askari akashuka kutoka kwenye kinu.

Rehani alikuwa ameshika sinia tupu kifuani kama ngao. Mwamvua hakumtazama Akida wala mumewe. Alimtazama Anyesi, na uso wake haukuomba kitu, ulikuwa tu umekubali.

Anyesi tangu asubuhi alitaka kitu kimoja: Mawingu arudi, au Mwamvua aseme mbele ya watu aliko. Hakuwa amefikiri hata kidogo kwamba njia ya kwenda kwa Mawingu inapita juu ya mgongo wa Rehani. Alichukua lile jani. Akaligeuza. Shingo kijani kitupu. Kitovu hakina kitu. Masikio yameshikana. Mtoto wa miaka mitano angejua, kama angekuwa amefundishwa.

"Mawingu," akasema.

"Sikusikia."

"Ni Mawingu, Bwana Akida. Ni wangu. Jua la asubuhi lilinidanganya."

Gideoni, ambaye kwa majani kumi na manne alikuwa ameshajifunza kutazama shingo, akafungua kinywa. "Lakini binti Matonya, mbona shingo ya huyo..."

Anyesi alimtupia jicho ambalo mumewe Yotham alilijua vizuri. Gideoni akafunga kinywa.

Akida alivunjika moyo kuliko watu wote. "Yaani umepata kumi na manne ya watu, la kwako mwenyewe hulijui?"

"Ndivyo ilivyo."

"Umeniletea mtaa mzima barazani kwa jani lako mwenyewe!"

"Nisamehe, Bwana Akida."

Watu walimcheka, usidhani hawakumcheka. Dakika moja alikuwa malkia, dakika ya pili mwendawazimu wa Msalato. Akida akamhukumu amfagilie baraza siku mbili, na aliifagia yote, huku kila mpita njia akimwonyesha jani la mwarobaini na kumuuliza ni ng'ombe gani. Jioni ya siku ya pili akamkabidhi Rehani mmea. "Mrudishe kwao. Chungu ni changu, naondoka nacho." Mwamvua alimfuata hadi njia panda akiita shoga, shoga. Anyesi hakugeuka.

Siku ya nne yake, mchana, mbwa wa Msalato wakabweka. Ukaonekana njiani msafara wa watu watatu. Mbele Gideoni na fimbo yake. Nyuma yake Mwamvua, kichwani amejitwika kitu kilichofungwa kitambaa. Na nyuma kabisa, akilaani mawe na miiba, bibi mmoja wa pwani, mkavu, amejifunga leso mbili. Huyo alikuwa Jaha, mama mkwe wa Mwamvua, aliyekuja kwa treni tangu Septemba na hakuwa ameonyesha dalili ya kuondoka.

"Mbukwa!" bibi Jaha akasalimu Kigogo kwa kelele kutoka mbali, kama alivyofundishwa njiani.

"Mbukwa," Anyesi akaitika, bila kuinuka kwenye jiwe la kusagia.

"Hodi ya hapa inaumiza miguu. Binti, mimi siwezi kuzunguka. Ng'ombe wako nimemla mimi."

Anyesi akaacha kusaga.

"Mke wa mwanangu alikwenda kisimani," Jaha akaendelea. "Mimi nikaona chungu pembeni. Nikachimbua kidogo. Gimbi! Nikasema, Mungu mkubwa, huku bara kote nimelishwa uwele na mlenda, kumbe wamenifichia gimbi! Nikalimenya, nikalikata vipande vinne, nikalichemsha."

"Ulikula vingapi?"

"Kimoja na nusu. Ulimi ukawa kama nimelamba siafu. Siku mbili sikuweza kusema neno."

"Siku mbili nzuri sana," Mwamvua akasema kwa sauti ya chini, na Gideoni akageuka kutazama milima.

"Nusu nyingine alikula Rehani," akaendelea Mwamvua. "Midomo ikamvimba akaenda kazini amejifunga kilemba usoni. Ndipo akaogopa, akachukua gimbi dogo la pembeni kwenye kile chungu kingine cha stesheni. Alisema yanafanana, Anyesi. Hata mimi niliona yanafanana. Mama mkwe wangu nimshitaki vipi kwa watu? Na wewe ungeniamini, kwamba tumekula jani lako la kutazama?"

"Ningekuamini."

"Nilikuwa sijui desturi yenu. Mzee Gideoni ndiye aliyenieleza juzi." Mwamvua akatua mzigo, akapiga magoti na kuufungua kwa mikono miwili. Ulikuwa mguu wa mbuzi, wa nyuma, umechunwa vizuri. Akavuta pumzi kama mtoto anayesoma somo mbele ya mwalimu. "Anyesi, ng'ombe wako amekufa mikononi mwangu. Sikumuuza, sikumficha kwa ubaya. Mguu wake huu hapa."

"Na ngozi?"

Mwamvua akamtazama Gideoni. Gideoni akamtazama bibi Jaha.

"Maganda nilitupa jalalani," akasema Jaha. "Kuku waliyakataa."

Anyesi alijaribu kukaza uso. Alijaribu kweli. Kisha bega moja likaanza kutikisika, na lingine, akashika jiwe la kusagia asianguke, akacheka mpaka Yotham akatoka ndani kuuliza nani amekufa, na hilo likawaangusha wote, Gideoni akikalia kiatu chake mwenyewe, Mwamvua akilia na kucheka pamoja, na Jaha akiuliza kila mtu, "Nimesema nini? Nimesema nini mimi?"

Machozi yalipokauka, Anyesi aliuinua ule mguu, akaupima mkononi.

"Mawingu alikuwa mnene kuliko huyu," akasema. "Lakini deni limekwisha. Shoga, njoo unishikie upande huu tuukate. Na huyu bibi asiachiwe kupika."